Farasi 75 kwa Mkulagembe Mmoja

Mti mkubwa hauna neno. Ukiukuta shambani unaukwepa, unapanda mahindi pembeni, mchana watu wanalia ugali kivulini, maisha yanaendelea. Wanaonipandisha presha ni hawa wembamba, unene wa kidole gumba, waliojimilikisha shamba langu hapa Kongwa: mkulagembe na ndugu zake wote wa miiba. Kuukata kwa panga ni kuuzalisha. Mvua ikinyesha, palipokuwa na shina moja panatoka matano, na mzizi umeshatembea chini kwa chini ukachipulia mbele huko, katikati ya karanga za mke wangu. Halafu mbuzi wa kitongoji wanakula maganda yake na kuja kunimwagia mbegu kwenye matuta, bure, bila kuombwa.

Dawa ni kung'oa na mzizi. Hapo ndipo unapolazimika kumpigia simu mwenye trekta.

Mwenye trekta hajui neno hapana. Unang'oa visiki? "Tunang'oa, mzee." Kifaa unacho? "Vipo vyote." Vyote hivyo vikifika shambani ni plau la diski tatu, utingo mmoja aliyening'inia kwenye madigadi, na cheni iliyoungwa katikati kwa bolti. Trekta lenyewe lina nguvu za farasi 75, na dereva analitaja hilo kila anaposhuka, kama vile farasi hao ni wa ukoo wao.

Shemeji yangu wa mjini naye haishi kunitumia video. Mzungu wa Marekani, shamba la kijani, mbele ya trekta kuna chuma chenye taya mbili. Taya zinalibana shina kwa haidroliki, mikono ya mbele inanyanyuka, mche unatoka na mizizi yake yote, msafi. "Shem, nunua hii." Shem huyu hajawahi kununua hata mpini wa jembe. Nimemweleza kwamba matrekta ya huku kwetu mengi hayana hiyo mikono ya mbele; haidroliki yake iko nyuma, kazi yake ni kunyanyua plau. Kuna kingine rahisi zaidi, makucha tu yanayofungwa kwenye cheni, kadiri unavyovuta ndivyo yanavyozidi kubana. Nimekiulizia dukani mjini. Muuzaji akanisikiliza mpaka mwisho, akanitolea jeki.

Basi tukabaki na cheni. Sasa cheni nayo ina akili yake. Ukiizungusha mara moja tu kwenye kashina kembamba, inateleza kwenda juu, inachuna gome lote, mti unabaki uchi lakini umesimama. Inatakiwa izungushwe mara mbili, chini kabisa, usawa wa udongo, na ardhi iwe imelowa. Dereva wangu hakutaka kuinama. Akaifunga cheni usawa wa kiuno chake, upande wa pili akaitundika juu, pale plau linaposhikiwa kwa mkono wa katikati.

Hapo nilipiga kelele, na sioni haya. Cheni ya kuvutia hufungwa kwenye droba, chini ya ekseli. Ukiifunga juu na mti ukagoma, magurudumu ya nyuma yanashindwa kusogea, basi kinachozunguka ni trekta lenyewe: pua inapanda mbinguni na chuma chote kinamlalia dereva kabla mguu haujaifikia klachi. "Mzee, hiki ni kijiti tu," akaniambia. Ndiyo, kijiti. Ila mzizi wake hatujauona.

Tena Kongwa si mahali pa kujitapa na trekta. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kufyeka vichaka hivihivi ili walime karanga. Mpango wao wote ulikuwa wa eka zaidi ya milioni 3. Walileta matrekta, wakaleta hata mitambo iliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakafunga minyororo ya meli kati ya matrekta mawili na kukokota msitu. Msitu wa juu ulilala. Mizizi ikabaki chini inakula majembe, na udongo wa kiangazi ukakauka ukawa sakafu. Mwaka 1951 waliachia ngazi, paundi zipatazo milioni 36 zimeteketea. Na hao walikuwa na cheni ya meli. Sisi tuna ya bolti.

Ikakatika, bila shaka, na bolti sijui ilirukia wapi; utingo alikuwa ameshalala chini kabla ya sisi wote, nadhani ana uzoefu. Dereva akasema niilipe cheni kwa kuwa mti ni wangu. Halafu ikaja hesabu ya kazi. Yeye anahesabu vijiti vilivyolala chini. Mimi nasema tuhesabu mashimo, maana nusu ya hivyo vijiti vimevunjikia usoni mwa ardhi na wiki ijayo vitachipua. Tukabishana mpaka dizeli ikaingizwa kwenye mjadala.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akatusikiliza wote wawili kwa utulivu, akaniuliza ile miti iliyong'olewa ina mwenyewe, maana anatafuta miiba ya kuzungushia zizi la mbuzi wake.