Kanga Iliyobadili Jina

Adui wa mtu wa mazingaombwe si polisi wala mchungaji. Ni mtoto wa miaka minane aliyekaa mstari wa mbele na soda yake, ambaye hata leso hujamaliza kuikunja anatangaza: "Hilo nimeshaliona." Hasemi kwa ubaya, anatoa taarifa tu. Lakini ukumbi mzima unamgeukia yeye, na wewe unabaki na leso yako.

Na kweli ameshaliona. Sisi tunaozunguka na begi kwenye harusi, sendofu na kipaimara za Dar es Salaam tumejifunza wote kwenye simu, kwa video zilezile. Mchezo wa kutoa yai sikioni mwa shemeji ni mmoja, na hata utani wake ni mmoja ("Shemeji, unatagia humu?"). Nimewahi kufika kwenye kipaimara Mbagala, nikauanza utani huo, watoto wakanimalizia kwa pamoja. Aliyenitangulia mtaa ule alikuwa amewafundisha vizuri.

Basi nikaazimia kuwa na mchezo wangu mwenyewe, ambao hauko popote duniani. Hapo ndipo nilipoanza kugongana na marehemu.

Nilianza na vikombe vya kahawa na punje za maharage: unaifunika punje hapa, inaibukia kule. Nikaona nimepata. Kumbe Seneca, Mrumi aliyeishi karibu miaka 2,000 iliyopita, alishavitaja vikombe na vijiwe vya watu wa kiinimacho katika barua zake, akasema raha yake ni kule kudanganywa; ukimwonyesha namna inavyofanyika, hana haja tena. Nikahamia kwa kuku: nimkate kichwa, nikirudishe, atembee. Hilo nalo lina mwenyewe. Katika hati moja ya mafunjo ya Misri ya kale, iliyohifadhiwa Berlin, kuna kisa cha Dedi aliyemkata bata bukini kichwa mbele ya Farao Khufu kisha akakiunga. Hilo sikulisikitikia sana. Khufu alikuwa ameshiba. Huku kwetu ukichinja kuku mbele ya wageni halafu ukamfufua, swali linalofuata ni watakula nini.

Kumkata mtu kwa msumeno? P. T. Selbit alishafanya hivyo London, ukumbi wa Finsbury Park Empire, tarehe 17 Januari 1921, na haikupita miezi mingi Horace Goldin akawa anafanya vilevile Marekani na kudai ni mali yake. Mimi hata kwenye msumeno sikufika. Nilimpelekea fundi mmoja wa Keko vipimo vya sanduku, urefu wa mtu mzima, akavua kofia akanipa pole ya msiba.

Hata majina yameshagawanywa. Huku kwetu kila mmoja ni Profesa. Nikatazama wenzetu walifanyaje. Selbit jina lake la ukoo lilikuwa Tibbles. Alilisoma kinyumenyume, akaacha b moja. Langu nililisoma kinyumenyume likatoka jina la dawa ya minyoo. Naye Erik Weisz, mzaliwa wa Budapest, alichukua jina la Mfaransa Robert-Houdin, akalibandika i mwishoni, akawa Houdini. Mwaka 1908 akatoa kitabu kizima cha kumshutumu huyohuyo Mfaransa, aliyekwisha kufa zamani, kwamba michezo yake aliiba kwa wengine. Mtu amevaa jina lako, halafu anakuita mwizi. Hao ndio wazee wa kazi yetu.

Kuna jambo jingine linalomkwamisha mbunifu wa huku: mchezo uliozoeleka ni mchezo, lakini mchezo mpya ni uchawi. Yai likitoka sikioni watu wanacheka kwa sababu walishaliona kwa mwingine na hakuna aliyedhurika. Lete kitu kisichowahi kuonekana, utasikia "Ashindwe!" kutoka meza ya nyuma. Waingereza nao walipita njia hiyo. Mwaka 1584 Reginald Scot alichapisha kitabu kilichofichua siri za michezo ya namna hii ili watu waache kuwaona wenzao wachawi, na wanamazingaombwe wakakigeuza kitabu cha mafunzo. Sisi sheria ya uchawi iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 tunayo mpaka leo, nami sina hamu ya kumfafanulia mwenyekiti wa mtaa tofauti iliyopo.

Mchezo mpya ambao haukemewi ni mmoja tu, ule wa fedha. Niligeuza vipande vya gazeti kuwa noti za elfu kumi, na hapo hakuna aliyesali. Walileta magazeti. Mwenye nyumba wangu, aliyekuwa mwalikwa, alisubiri nimalize, akanivuta pembeni kwa upole: "Kumbe kodi yangu inachelewa kwa uhaba wa magazeti?"

Hatimaye nikalipata: kanga. Natandaza kanga, wageni wanasoma jina lake kwa sauti, naikunja, naipitisha kwenye pete. Nikiitandaza tena, pindo ni lilelile, mji ni uleule, jina limebadilika. Yanayotokea katikati ni yangu. (Ingawa tukisema kweli, wa kwanza kufanya maajabu na leso walikuwa wanawake wa pwani yetu katika karne ya 19. Inasimuliwa kwamba waliunga leso sita za dukani, ikatoka kanga. Sijaona bado mwanamume aliyetoa kitu cha kushinda hicho kutoka kwenye leso.)

Nikaenda Mtaa wa Uhuru kutafuta kanga za pindo moja na mji mmoja zenye majina tofauti. Muuzaji alinitazama kwa huruma, akashusha sauti. "Kaka, wake wawili hawanunuliwi kanga ya mji mmoja. Watakutana msibani." Nilimwambia ni za kazi. Akaniambia wote husema hivyo. Niliondoka na jozi kadhaa, pamoja na moja niliyoipenda sana iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio", onyo kali dhidi ya kuiga, lililokuwa limepangwa dukani kwa marobota, yote sawasawa.

Mara ya kwanza kuucheza mchezo huo ilikuwa kwenye sendofu moja Temeke. Kanga ya mwanzo ilisomeka "Mkipendana mambo huwa sawa." Vigelegele. Ya pili ilitakiwa iwe ya kumwombea heri bibi harusi. Lakini anayepanga begi ni mpwa wangu, kijana wa siku hizi, ambaye kwake jina la kanga ni pambo. Alilinganisha rangi na maua, akaishia hapo. Nikakunja, nikapitisha, nikatandaza kwa madaha, na mshereheshaji, mtu mwenye sauti ya taarifa ya habari, akasoma kwenye kipaza sauti: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye."

Vigelegele vilikatika. Shangazi wa bwana harusi akasimama, akakaza ya kwake kiunoni.

"Mwanangu, umetumwa na nani?"

"Shikamoo shangazi. Sijatumwa, ni mazingaombwe tu."

"Marahaba. Nimekuuliza nani kakutuma."

Upande wa bibi harusi ukadai fumbo limeletwa na wa bwana harusi. Upande wa bwana harusi ukamkumbuka dada mmoja aliyewahi kuwa karibu na kijana wao, na mtu akaongeza kwamba dada huyo anauza kanga. Ikapigwa simu. Dada wa watu, aliyekuwa kwake anakuna nazi, akaapa kwa miungu yote. Kamati ikakaa nyuma ya spika. Mimi muda wote huo nimesimama katikati ya ukumbi, nimeshika ushahidi. Watu wazima wote wale, hakuna hata mmoja aliyeuliza herufi zilibadilikaje. Muujiza walishaupita, wako kwenye ujumbe. Mtoto mmoja tu wa mstari wa mbele ndiye aliyesema, "Hilo sijawahi kuliona," na mama yake akamziba mdomo.

Siku hizi majina yote yanapitishwa kwanza kwa mama wa bibi harusi, na mpwa wangu amehamishiwa upande wa mayai. Mchezo ukashika. Ukashika mpaka ukampata mwingine: mwenzangu mmoja, simtaji, aliuona Kigamboni, akaupeleka Tegeta, akaongeza moshi na ngoma. Nilipoucheza Kinondoni, mzee mmoja alinifuata mwishoni akanishika bega. "Kijana, umeiga vizuri. Ila yule wa Tegeta ni fundi."

Usiku ule nilijipoza kwa habari za Ching Ling Foo. Huyu alikuwa Mchina kweli. Alipokwenda Marekani mwaka 1898 alikuwa akitoa beseni kubwa la maji chini ya kitambaa kitupu, na akaweka dola 1,000 kwa atakayeweza kumuiga. Mmarekani William Robinson akajitokeza, Foo akakataa kumpokea. Robinson akanyoa, akavaa joho, akajiita Chung Ling Soo, akaenda Ulaya, na jukwaani akajifanya hajui Kiingereza, lugha aliyonyonya nayo. Mwaka 1905 wote wawili wakakutana London. Foo akamwita hadharani wapambane. Siku ilipofika, Foo hakutokea, na umati ukabaki na wa bandia. Robinson aliishi ndani ya Uchina wake mpaka Machi 1918, pale bunduki ya mchezo wa kudaka risasi ilipofyatua kweli kwenye jukwaa la Wood Green, London. Akaomba pazia lishushwe. Aliomba kwa Kiingereza.

Kwa hiyo watazamaji hawakuwahi kuuliza nani wa kwanza. Wanauliza nani ana moshi.

Nilimwendea mtu mmoja anayezijua sheria za hakimiliki. Akaniambia sheria hulinda namna jambo lilivyooneshwa, hailindi wazo wala siri yake. Mwanamazingaombwe Teller wa Marekani alishinda kesi mwaka 2014 dhidi ya aliyemuigia mchezo wa kivuli cha waridi, lakini yeye alikuwa ameusajili tangu 1983 kama igizo la kimya, kila mwendo umeandikwa.

"Wewe wako umeuandika wapi?"

Nikamwambia sijauandika, ni siri.

"Basi utamweleza hakimu. Una shahidi?"

Shahidi ninaye, mpwa wangu. Nikaaga.

Wenye shughuli za Desemba, taarifa ni hii. Mchezo wa kanga unapatikana kwangu na kwa yule wa Tegeta. Wake una moshi, wangu ni nafuu. Atakayenichukua anitajie mapema nani kwenye ukoo ana kinyongo na nani, nipange majina. Yai la sikioni ni bure.