Hamira Inajamba

Binti yangu wa darasa la tatu alirudi nyumbani na hoja: mwalimu kasema gesi ipo ila haionekani, na yeye hakubali. "Kama haionekani, mwalimu kajuaje?" Nikaona hapa ndipo baba anapohitajika.

Tukaanza na hamira. Chupa tupu ya maji, maji ya vuguvugu, vijiko viwili vya sukari, puto mdomoni mwa chupa. Nikaeleza kwamba hamira ni vijidudu hai, vinakula sukari na kutoa hewa ya ukaa. Baada ya nusu saa puto lililokuwa limelala ubavuni mwa chupa kama sikio la mbuzi likaanza kusimama. Mdogo wake, mwenye miaka mitano, akalikodolea macho.

"Kwa hiyo hamira inajamba?"

Kisayansi sikuwa na pa kumkosoa. Mama mkwe, aliyekuwa akikanda unga wa maandazi pale mkekani, akasimamisha mikono. "Mjukuu wangu, miaka 40 naumua unga, leo ndiyo naambiwa nalisha watu ushuzi." Mkwe hacheki mbele ya mkwewe, nikajifanya nakaza puto.

Ningeishia hapo. Lakini usiku umeme ukakatika, tukawasha mshumaa wetu mmoja, nami nikaanza kuuona kama kifaa cha maabara. Nikatia kwenye jagi magadi ya kuivishia maharage, nikamiminia siki. Povu likapanda, likachemka kwa kelele, likashuka. Nikatangaza: humu mna hewa ya ukaa, uzito wake mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, ndiyo maana inamiminika. Nikaliinamisha jagi juu ya mshumaa, polepole, siki isitoke.

"Mbona humwagi kitu, baba?"

Mwali ukalala, ukasinyaa, ukazimika.

Makofi niliyopigiwa gizani sijawahi kupigiwa kazini. Kisha mke wangu akauliza kiberiti kiko wapi. Simu zote zilikuwa zimekufa chaji tangu jioni. Nikapapasa meza, nikagusa chupa, nikagusa kitu laini (puto), nikagusa jagi, likapinduka. Siki ikanishukia mapajani. Kiberiti nikakipata mwishoni, kimelowa chapachapa.

Kutoka mkekani ikaja sauti ya upole kabisa: "Haya, baba. Na hilo la kuuwasha linafanywaje?"