Kidole Mheshimiwa

Serikali ikitaka kukujua hukuomba kitambulisho. Kijijini kwetu Kitaya tunaanza na ngozi. Mtu akishuka kwenye mtumbwi akitokea ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, wazee wa kibarazani wameshamkagua makovu kabla hajatoa salamu.

Bibi mzaa mama alikuwa na chale uso mzima na tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu, kama Wamakonde wengi wa rika lake. Fundi alimchanja, akampaka masizi, kidonda kikipona akarudia. Nilimuuliza kama iliuma. Akatazama miguu yangu: "Na hicho kiatu chako cha harusi, mjukuu wangu, hakikuumi?"

Sisi wa baadaye tulichanjwa na korosho, bila fundi wala masizi. Ganda lake lina mafuta yanayounguza, na ukilichoma huyarusha bila kuchagua uso. Shavuni nina kovu lililojikunja kama korosho yenyewe. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe, ambao nao utomvu wake hubabua midomo ya watoto wezi. Ukoo mkali ule.

Kovu sikulijali. Lililonikuta ni la vidole. Mwaka 2019 ilipoamriwa laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, nikapanga foleni na vidole vilivyobangua korosho tangu utotoni.

"Shikamoo mama. Weka dole gumba," akasema kijana wa usajili.

Mashine kimya. Nikafuta kwa kanga. Kimya. Akaniambia nilipake jasho la paji la uso. Foleni nayo ikaanza kutibu: huyu anataka mafuta ya nazi, yule anauliza kama nina jini.

"Mama, wewe huna alama," kijana akakata tamaa.

"Sina alama?" Nikamwonesha shavu, goti lililoangushwa na baiskeli, na chanjo ya kifua kikuu kwenye bega la kulia. Hiyo ya chanjo ni pasipoti kabisa: Wakenya huchanjwa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kwa hiyo shati la mikono mifupi tu linatosha kumtaja mwenyewe. Kijana akasema mashine haisomi mabega.

Nyuma yangu alikuwa mjomba, aliyezaliwa na vidole sita kila mkono. Akauliza kwa upole kama anaruhusiwa kusajili cha akiba. Usimwonee huruma. Akiuza perege kwa fungu la "mkono mmoja", wateja husisitiza ahesabu kwa mkono wake mwenyewe.

Tukajaribu kimoja baada ya kingine hadi kidole kidogo cha kushoto, kile kisichofanya kazi yoyote nyumbani kwangu. Mashine ikalia. Foleni ikapiga vigelegele.

Tangu hapo kidole hicho ni mheshimiwa. Msimu wa kubangua nakifunga kitambaa na kukisimamisha juu, wenzake wakiungua chini. Shoga yangu anasema naringa. Laini yake yeye imesajiliwa kwa jina la shemeji yake, na kila anayemtumia hela hupiga simu kwanza kuuliza huyu mwanaume ni nani.