Jinsi ya Kuchakachua Besidei ya Mtoto wa Miaka Miwili

Besidei ya mtoto wa miaka miwili ina wageni wa aina mbili. Wapo watoto, waliokuja kukimbia, kulowana na kula biskuti. Wapo wakubwa, waliokuja kwa pilau, picha na kuonana na ndugu. Ukitaka kuwafurahisha wote saa ile ile, uani pale pale, kwa spika ile ile, utawakosa wote, na wa kwanza kulia atakuwa mwenye siku yake. Kwa hiyo chakachua. Fanya sherehe mbili, uziite moja. Nitakuonyesha namna.

Kwanza, iba muda. Sherehe zetu za Dar es Salaam huandikwa saa nane mchana, zikaanza saa kumi, keki ikakatwa saa moja usiku. Saa moja usiku mtoto wa miaka miwili hana tena besidei. Ana usingizi, njaa na kiatu kinachombana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Huo usingizi wa mchana ndio mwenye nyumba. Usishindane nao.

Panga hivi. Watoto waje saa tatu na nusu asubuhi, waondoke saa tano. Kadi yao iandike saa tatu kamili, maana unawajua watu wako. Wakubwa wasio na watoto wadogo waalike saa saba mchana. Kati ya saa tano na saa saba mtoto anaoga, anakula, analala. Mama mkwe akiuliza kwa nini hakualikwa asubuhi, mwambie: "Shikamoo mama. Asubuhi ni fujo za watoto. Wewe tumekuwekea mchana, ukae kwa heshima yako." Hapo hujamdanganya hata kidogo.

Pili, maliza picha mapema. Unataka picha ya kuweka status. Kila mzazi anaitaka, na aliyekuambia haitaki amekwisha kuiweka. Basi ichukue dakika kumi za mwanzo, nguo ikiwa safi na juisi ikiwa bado jikoni. Nunua keki mbili: ndogo ya asubuhi, kubwa ya wakubwa. Watoto wengi wa umri huu hawajui kupuliza mshumaa. Wanautemea mate au wanataka kuushika. Mweke shangazi mwenye mapafu mazuri nyuma ya mtoto, apulize yeye, mpiga picha akate kichwa cha shangazi. Mishumaa inayorusha cheche iache dukani.

Kwenye kulishana keki ndiko watoto wetu wanakoteseka zaidi. Mtoto anashikwa mkono kwa nguvu amlishe bibi, babu, baba mdogo, mjomba, jirani, mama wa ubatizo na MC, kila mmoja na picha yake. Akifika kwa wa tatu anarusha kipande. Wewe mruhusu amlishe mmoja tu, anayempenda mwenyewe. Foleni nzima ihamishie kwenye keki ya mchana, ambapo wakubwa watalishana wenyewe kwa wenyewe, na watafurahi kupita kiasi.

Tatu, michezo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Futa mashindano yote. Mbio za magunia, kuvuta kamba, kukimbia na yai kwenye kijiko, yote futa. Mtoto wa miaka miwili hajui kushinda, na akishindwa anachojua ni kwamba amenyang'anywa kitu. Tena usisubiri wacheze pamoja. Mtafiti wa Marekani Mildred Parten aliwatazama watoto wa shule ya awali wakicheza huko Minnesota, akachapisha matokeo yake mwaka 1932: wadogo zaidi hucheza bega kwa bega, kila mmoja na lake, na kucheza kwa kushirikiana huongezeka wanavyokua. Ukiona watoto sita wamepeana migongo, kila mmoja anachimba shimo lake, usimwite MC awachangamshe. Sherehe imefana.

Sasa weka haya, na usiongeze.

Beseni la maji. Chukua beseni pana la plastiki, litie maji kidogo, tupia vikombe, chujio la chai, miiko, chupa zilizokatwa na vifuniko vikubwa. Mchezo huu utakula nusu ya sherehe. Sharti lake ni moja na halina mjadala: mtu mzima mmoja anakaa juu ya kigoda kando ya beseni, bila simu mkononi, mpaka maji yamwagwe. Sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto wa umri huu, naye huzama bila kupiga kelele. Kazi hiyo mpe mtu umwaminiye, kisha mbadilishe baada ya dakika ishirini ili naye akanywe chai.

Na kwa kuwa beseni lipo, igeuze ile desturi yetu ya kummwagia maji mwenye besidei. Kijana wa miaka ishirini anamwagiwa ndoo na anacheka. Mtoto wa miaka miwili akimwagiwa kopo anapata hofu, halafu wakubwa wanaicheka hofu yake, na hilo silipendi hata kidogo. Mpe yeye kikombe. Mtafute mjomba mwenye roho nzuri, mwambie avae nguo ya kuchezea, achuchumae, apige ukelele kila akimwagiwa. Mtoto atarudia mpaka maji yaishe. Picha hiyo itapendwa kuliko ya keki.

Boksi. Nenda kwenye maduka ya friji na televisheni Kariakoo, omba maboksi makubwa; mengine utapewa bure, mengine utayanunua kwa hela kidogo. Ng'oa pini zote, kata mlango na dirisha, basi. Yachukue matatu, maana likiwa moja litagombewa. Kanuni hiyo ishike kwa kila kitu: mipira sita ya rangi moja na saizi moja ni amani, mipira sita ya rangi sita ni vita, na wote watautaka wa njano.

Kanga. Watu wazima wanne washike pembe nne za kanga, waipandishe juu na kuishusha taratibu huku watoto wakipita chini yake. Upepo, rangi, kivuli, kuonekana na kutoonekana: mtoto hahitaji zaidi ya hapo. Ukiwa na doti ambayo bado haijakatwa una uwanja mpana zaidi. Mabibi na mashangazi waliowaleta watoto asubuhi wape kazi hii. Wataifanya vizuri na wataanza kuimba bila kuombwa.

Mapovu ya sabuni. Vikombe sita vya maji, kikombe kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili vya sukari iliyoyeyushwa, koroga taratibu, acha usiku kucha. Mpulizaji awe mtu mzima, mahali pawe majani au mchanga, kamwe pasiwe marumaru, maana huteleza.

Ukuti ukuti unaweza kuucheza, ila duara liwe la wakubwa na watoto wawe katikati. Ukiwashikanisha mikono watoto wa miaka miwili duara litakatika kabla wimbo haujaanza. Na ukitaka sana ule mchezo wa kugombea viti muziki ukizimwa, ucheze bila kuondoa kiti hata kimoja. Muziki ukizima kila mmoja anakaa, kila mmoja anapigiwa makofi. Wadogo hawatalalamika. Wakilalamika wazazi, waambie wakagombee vyao mchana.

Nne, waajiri wakubwa wao. Binamu wa miaka saba hadi kumi watakuja. Huwezi kuwazuia, na wakiachwa uani watawakanyaga wadogo. Watume nje ya uzio wakacheze kombolela au rede, chini ya jicho la kijana mmoja. Wawili walio watulivu zaidi waite pembeni, wape kitambulisho cha karatasi chenye neno "Msimamizi" na kamba ya kuvaa shingoni. Mtoto wa miaka tisa aliyepewa cheo atafanya kazi kuliko mtu uliyemlipa. Atawafundisha wadogo kuingia kwenye boksi, atawafuta pua, na atakuletea taarifa kila dakika tano. Zipokee taarifa zake kwa uzito.

Tano, ficha. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kusanya vitu vya kuchezea ambavyo mwanao anavipenda kuliko vyote, vifungie kabatini. Hatajifunza ukarimu siku hiyo, usimpe mtihani. Ficha spika kubwa pia. Redio ndogo ya mezani inatosha. Ukimwita yule mtu anayevaa kikaragosi cha Mickey Mouse, msimamishe getini kwa ajili ya binamu wakubwa, asimnyemelee mtoto wako. Kichwa kikubwa kisichopepesa macho kinawatisha wadogo wengi, na wana haki ya kutishika.

Chakula nacho kina vya kuficha. Karanga, bisi, pipi ngumu, zabibu nzima na soseji iliyokatwa miviringo visifike kwenye meza ya watoto chini ya miaka minne, kwa sababu hukaba koo. Ukitaka kuwapa zabibu, kila moja ikate kwa urefu vipande vinne. Badala yake weka ndizi mbivu, vipande laini vya tikiti bila mbegu, maandazi madogo na maji ya kunywa. Maputo yafunge juu, mbali na mikono, na likipasuka okota kila kipande papo hapo. Pakiti za maputo zinazouzwa Marekani sharti ziandikwe onyo kwamba watoto wa chini ya miaka 8 wanaweza kukabwa na puto lililopasuka au lisilopulizwa. Kipande cha mpira huziba koo kabisa, na kukitoa ni kazi ngumu. Hapa sichakachui, na wewe usichakachue.

Sita, wafukuze kwa upendo. Saa tano kasorobo simama getini na mifuko ya karatasi. Ndani yake weka vitu vile vile kwa kila mtoto: kipande cha keki, mpira mmoja, biskuti. Mtoto akishapewa mfuko anajua safari imefika, na mzazi mwenye mfuko mkononi huona haya kukaa tena. Waage mmoja mmoja kwa jina, washukuru, funga geti.

Mwogeshe mwanao, mlishe, mlaze. Saa saba wakubwa wakifika na kuuliza mwenye siku yuko wapi, sema amelala, kisha funua sufuria la pilau papo hapo. Akiamka saa tisa, mlete akiwa amenawa uso, azunguke mapajani mwao kwa kadiri anavyotaka mwenyewe, na akikataa kubebwa na mtu usimbembeleze mtoto. Mbembeleze huyo mtu.

Zawadi usizifungue mbele ya wageni. Fungua moja kwa siku kuanzia kesho yake, maana zawadi kumi kwa mpigo humfanya mtoto acheze na karatasi tu, na moja kwa siku itakupa asubuhi kumi tulivu. Ukikuta ngoma au filimbi, mpigie aliyeileta, mshukuru sana, umwalike aje amfundishe mtoto kuipiga mchana kutwa.