Dola 1,999 na Bado Inakwama

Wenye kompyuta wana kibri chao: konsoli za michezo, wanasema, ni za watoto. Septemba 2025 ikaja Borderlands 4, mchezo wa kufyatua risasi wa Gearbox ya Texas, ukawatia adabu. Kadi ya picha ya RTX 5090 ilitoka kwa dola 1,999, pesa iliyotosha wakati huo kununua konsoli tatu za PlayStation 5 na chenji ikabaki, na bado waliokuwa nayo walilalamika kuwa picha zinakwamakwama. Dawa waliyopewa? Ukibadilisha mipangilio, cheza kwanza dakika 15 ndipo unung'unike. Naye bosi, Randy Pitchford, akatangaza kuwa huu ni mchezo wa hali ya juu kwa wachezaji wa hali ya juu. Ahsante, mheshimiwa, wa hali ya chini tumekusikia.

Wenye konsoli nao wasipige vigelegele. Kwao mchezo ulizidi kuwa mzito kadiri walivyoucheza, wakashauriwa wauzime na kuuwasha upya. Kwa ushauri huo hata fundi redio wa mtaani hatozi kitu.

Nawe mwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8, usijisumbue: kiwango cha chini kabisa ni 16, na kinachopendekezwa ni 32.