Kwa Mkurugenzi Mkuu wa ONIP, ofisi ya taifa ya utambulisho wa watu: majina yetu yasikatwe kwenye skrini

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Kwa heshima yote inayostahili cheo chako, na nikiomba radhi kwa kuchukua muda ambao taifa zima linauhitaji, mimi mtunza kompyuta wa hapa Butembo, mzaliwa wa Masereka, naomba unisikilize kwa jambo moja linaloonekana dogo.

Unajua kuliko mimi kwamba nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haijahesabu watu wake tangu 1984, na kwamba kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu. Kadi ya taifa iliyozinduliwa Juni 2023 tunaingoja kwa moyo mweupe. Ndiyo maana nathubutu kukuandikia.

Huku kwetu Wanande, mtoto huitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule; msichana wa kwanza ni Masika. Hata ng'ambo ya mto Semuliki, kwa ndugu zetu Wakonzo wa Uganda, desturi ni hiyohiyo: Kambale huko ni Bwambale. Basi mtaa mmoja wa Butembo una akina Kambale wasiohesabika. Kinachomtenga mmoja na mwenzake ni jina la pili na lile la ubatizo, na hayo katika karatasi za serikali huja nyuma. Mwenye jina yuko mwishoni mwa mstari.

Mheshimiwa, programu kadhaa za terminali, yaani skrini ya maandishi matupu, zimepangwa tangu mwanzo zikate mstari unaozidi upana wa skrini. Ndivyo ilivyo ps, inayoorodhesha kazi zinazoendelea kwenye mashine. Hata journalctl, inayosoma kumbukumbu za mfumo, huifungua less, programu ya kuonyesha maandishi ukurasa kwa ukurasa, kwa chaguo la S, na hapo mstari mrefu haukunjwi ukaendelea chini. Unakatwa, ikabaki alama ndogo pembeni. Less yenyewe, isipoamriwa, hukunja. Git nayo, programu ya kutunza matoleo ya kodi, ilikuwa na S hiyo. Wasimamizi wake wakaiondoa mwaka 2014, nami nawaheshimu kwa hilo. Upana wenyewe wa safu 80 tumeurithi kwa kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928, ambazo hazikumfikiria mtu mwenye majina matatu.

Mafundi watakwambia kwamba mshale wa kulia huonyesha kilichofichwa, na kwamba ps ww humaliza tatizo. Ni kweli. Lakini karani mwenye foleni hadi barabarani habadilishi alichokikuta. Katika ofisi moja nilimwona mama akirudishwa nyumbani kwa sababu skrini ilionyesha Masika na herufi chache tu, zikafanana na za mwenzake aliyekwisha kuhudumiwa. Ndani ya mashine majina yote yalikuwa kamili. Aliyeyakata ni mtu asiyemjua, aliyechagua kwa niaba yake zamani na mbali.

Na sisi tunajua uzito wa orodha. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa huku kwetu tarehe 1 Agosti 2018, aliyegusana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21, na orodha ya majina ndiyo iliyowaongoza wafuatiliaji hadi mlangoni pake.

Najua kwamba mistari ikikunjwa jedwali hupoteza unadhifu. Afadhali jedwali lisilopendeza kuliko akina Kambale wawili kusomwa kama mtu mmoja.

Kwa hiyo nakuomba kwa unyenyekevu, Mheshimiwa: katika masharti utakayowapa watengenezaji wa mfumo, liandikwe kwamba popote jina la mwananchi linapoonyeshwa, iwe kwenye terminali, kwenye dirisha la programu au kwenye karatasi ya printa, mstari ukunjwe hadi jina liishe, na kukata kuwe kwa atakayeomba mwenyewe. Tafadhali amuru hivyo kabla makarani wa Beni, Butembo na Lubero hawajafungua orodha zetu.