Hadi Nne Nukta Sifuri

Neno lililonitia hasara ni "hadi". Lina herufi nne tu, na kwenye kibandiko cha ile kompyuta lilichapwa kwa wino hafifu mno. Nilipotumiwa picha kwa WhatsApp nililidhani ni uchafu wa kioo cha simu yangu, nikalifuta kwa kidole gumba. Halikufutika, lakini nami sikulisoma. Nilichosoma ni kilichofuata: gigahazi 4.0.

Nilikuwa nanunua kwa picha kwa sababu mkimbizi haondoki Kalobeyei kwenda Nairobi kama anayekwenda kisimani. Kuna kibali cha kuomba, na sababu ya "naenda kuitazama prosesa" sikuiona ikinifikisha mbali. Basi muuzaji akabaki Nairobi, mimi Kijiji cha Kwanza, na kati yetu mabasi yanayopitia Kitale na Lodwar, kisha zile kilomita 120 hivi za mwisho kuja Kakuma, ambazo huingia kwenye mzigo wako kwa umbo la vumbi.

Mpango wangu ulikuwa wa biashara. Makazi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, yalifunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji Waturkana waishi pamoja, watumie shule moja na soko moja. Nami nikaona hawa wote, awe Mkongomani, Msudani Kusini, Mrundi au Mturkana, wanakubaliana jambo moja tu: mpira. Nikajenga kibanda cha mabati, nikavuta umeme wa sola, nikaagiza kompyuta ya ofisi ya mtumba kutoka Uingereza yenye prosesa ya Core i7-6700, toleo la 2015. Kabla haijafika nilikuwa nimeshaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango: GEMU KASI 4.0.

Siku ya kwanza vijana wawili waliketi kucheza. Nikafungua programu ya kupima kasi ili wateja washuhudie. Ikasoma 3.7.

Nikampigia muuzaji. "Bosi wangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuulizwa swali hilo, "hebu soma tena kibandiko." Ndipo nilipokutana na "hadi" uso kwa uso.

Akanifundisha kwa simu, kwa salio langu. Kasi ya kawaida ya prosesa hiyo ni 3.4. Ndani yake mna viini vinne. Kimoja kikifanya kazi peke yake, wenzake wamelala, kinaruhusiwa kupanda hadi 4.0. Viwili vikiamka ni 3.9, vitatu 3.8, vyote vinne 3.7. Nikamuuliza kwa nini kinyongo hicho. Akasema ni suala la umeme na joto: prosesa imepangiwa wati 65. Hapo nikaelewa kuliko alivyotarajia, maana mimi ni mtu wa posho. Wati 65 ni mgao wa kaya nzima. Akila mmoja, atashiba akimbie. Wakila wanne, kila mtu atembee kwa adabu.

Ningenyamaza hapo ningekuwa tajiri leo. Lakini picha ilikuwa inakwama, mchezaji anapiga penalti leo mpira unaingia kesho, na muuzaji akaniambia tatizo hilo si la prosesa, ni la RAM, yaani kumbukumbu. Mashine yangu haikuwa na kadi yake ya picha. Sehemu ya kuchora picha imo ndani ya prosesa, nayo huazima kumbukumbu ya nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa na kipande kimoja cha gigabaiti 8.

Nikaagiza kipande cha pili. Kikaja kifupi kama kidole cha mtoto, cha laptopu. Nikakirudisha. Kikaja kingine, cha aina ya DDR3, na mashine yangu ni ya DDR4. Hivi viwili vina urefu ule ule, ila pengo lililokatwa kwenye meno liko mahali tofauti, makusudi, ili mtu kama mimi asifanikiwe. Nilijaribu kufanikiwa kwa dakika ishirini. Kijana mmoja Mturkana alinitazama nikikisukuma kwa magoti, akauliza kwa upole, "Kaka, hicho kinaingia au kinatoka?"

Cha tatu kilikuwa chenyewe. DDR4, na kimeandikwa 3200. Kikaingia kwa mlio mtamu wa kufuli. Nikawasha. Kompyuta ikaandika 2133.

Nikapiga hesabu: nimeibiwa 1067. Kabla sijapiga simu, nikafungua ile programu yangu ya kupima kupata ushahidi zaidi. Yenyewe ikasema 1066. Nikaizima haraka. Kwa mwendo ule, kufikia Ijumaa ningekuwa nadaiwa.

Muuzaji alicheka mpaka nikasikia watu wa duka lake wakiulizana kuna nini. Kwanza, akasema, anayesimamia RAM ni prosesa, na hii yangu inatambua DDR4 hadi 2133 tu. Leta kipande cha 3200, kitatembea mwendo wa mwenyeji wake. Pili, 1066 na 2133 ni kitu kimoja. DDR ni kama msumeno wa watu wawili: ukivuta unakata, ukisukuma unakata. Programu inahesabu safari za msumeno, wauzaji wanahesabu mikato. Nikamuuliza kwa nini wauzaji wasihesabu safari. Hakunijibu, nadhani mtandao ulikatika upande wake.

Picha ikaendelea kukwama. Siku mbili baadaye nikagundua nimechomeka vipande vyote viwili kwenye matundu ya mlango mmoja, huku mlango wa pili umefungwa kama ofisi ya Jumapili. Nikahamisha kimoja. Mara mpira ukaanza kuteleza kwa raha, kwani sasa kumbukumbu zilikuwa zinapita njia mbili kwa pamoja, na vijana wakapiga makofi kana kwamba nimefunga bao mimi.

Makofi hayo yaliisha saa saba mchana.

Mtu hajajua mabati mpaka aketi chini yake Turkana baada ya adhuhuri. Feni ya kompyuta ilianza kulia kama pikipiki inayopanda mlima. Kasi ikashuka 3.4, ikapita 3.0, ikaelekea nchi nisiyoijua. Prosesa hii ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza yenyewe isiungue, na feni yangu ilikuwa inaipepea kwa hewa ya tanuri. Nje alikuwapo mzee mmoja wa Kiturkana, ambaye kila siku huja na kigoda chake, ekicholong, akaketi kivulini kwangu bila kulipa. Akasema, "Hata ngamia hukimbia, mwanangu. Lakini si saa hii."

Nikafungua kasha. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda mtama. Nilipuliza kwa mdomo, vumbi likanirudia machoni. Nikaazima pampu ya baiskeli, na hiyo ndiyo iliyosaidia kweli. Kisha nikakumbuka jinsi tunavyopoza maji ya kunywa: dumu hufungwa gunia bichi, upepo unapiga, maji yanapoa. Nikaloweka gunia, nikalitundika dirishani mbele ya mashine. Kasi ikapanda 3.6! Mama jirani akapita na ndoo yake kutoka bombani, akasimama. "Watu tumepanga foleni ya maji tangu alfajiri, wewe unainywesha kompyuta?" Kabla sijapata la kumjibu, mbuzi alilivuta gunia kwa nje, akalinyonya, kisha akaanza kulitafuna. Huyo hakuuliza swali.

Sasa nafungua kibanda jioni, jua likishazama. Usiku mmoja wiki jana, wateja wamekwenda, upepo wa kusini mashariki ukipita barabara dirishani, nilikuwa naandika madeni kwenye daftari la kompyuta. Kazi ndogo, ya kiini kimoja. Nikatupa jicho kwenye programu ya kupima: 4.0. Halisi. Ikakaa, ikashuka, ikapanda tena, 4.0.

Nikatoka mbio peku, nikabisha kwa mama jirani. Akaja amejitanda kanga, akidhani nyumba inaungua. Nikamvuta mpaka mbele ya kioo.

Programu ya kuzuia virusi ilikuwa imeamka. Viini vyote vinne vilikuwa kazini, na kioo kilisoma 3.7.

Mama jirani akakitazama, akanitazama mimi. "Na mbona mlangoni umeandika nne?"